Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kununua Mche, Fuata Kivuli

Barua nyingi za bustani tulizopokea safari hii zinaanza namna moja: miche imeshanunuliwa, iko kwenye viriba barazani, na mwenye nyumba anauliza aichimbie wapi. Sisi tungeanzia kwingine, kwenye jua, maji na mlango wa jikoni. Majibu mengi hapa chini yanarudi huko huko.

Miche kumi, kiwanja kimoja

SWALI: Shikamooni. Tumehamia Goba, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25 chenye mteremko kidogo. Urefu wake unakwenda mashariki–magharibi. Nyumba ni mita 10 kwa 12, iko katikati. Geti liko magharibi, jiko liko nyuma, mashariki. Nina miche kumi ya barabarani: mwembe mmoja, mparachichi mmoja, mistafeli miwili, miavuli miwili na ashoki nne. Nataka na mboga za nyumbani. Nianze wapi? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba, mama. Iweke miche yote kivulini karibu na bomba, uimwagilie, na usichimbe shimo hata moja kwa wiki mbili. Kazi ya wiki hizo ni kutazama kivuli. Saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, chomeka vijiti pale kivuli cha nyumba na cha ukuta kinapoishia. Mahali pasipopigwa na jua walau kwa saa sita kwa siku, usipahesabie mboga.

Jua letu pia linahama. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa paa; miezi iliyobaki hupita kusini. Mwezi Juni nyumba yenye kimo cha mita 5 hutupa kivuli cha karibu mita 3 upande wa kusini saa sita mchana. Desemba kivuli hicho kinahamia kaskazini na hakifiki mita 2. Kwa hiyo uwazi wako wa kusini, wenye mita 5 tu, unaweza kuuona unawaka Januari, halafu kipindi cha kusi zaidi ya nusu yake ikawa kivulini na ukuta ukaota ukungu wa kijani. Huko anika nguo, weka tenki la maji, panda tangawizi na magimbi.

Mboga zikae nyuma, upande wa jikoni. Jua la asubuhi linafika vizuri, na alasiri kivuli cha nyumba kinaangukia huko huko, jambo linalookoa mchicha na spinachi kwenye joto la Desemba hadi Machi. Kuna na suala la miguu: tuta lililo mita 20 kutoka bombani hufa Januari, kwa sababu ikifika jioni kila mtu nyumbani ana udhuru. Tuta la mita 1.2 kwa 6 hunywa lita 30 hadi 35 kwa siku wakati wa joto, yaani ndoo mbili za lita 20 zisizojaa sana. Zidisha kwa idadi ya matuta kabla hujachora kumi.

Kwako matuta matatu yanatosha. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Njia kati ya tuta na tuta ziwe sentimita 50, na moja iwe sentimita 80 ili toroli lipite. Kwa kuwa Goba ni vilima, yakingamishe mteremko. Tuta linalofuata mteremko masika inaligeuza mfereji. Liinue sentimita 15 hadi 20 na ulikinge pembeni kwa matofali. Acha mita moja na nusu kutoka ukuta wa jiko, na mita moja na nusu nyingine kutoka ukuta wa uzio, maana uzio wa mashariki nao hula jua la mapema asubuhi.

Kabla ya jembe, tafuta mahali mafundi walipokorogea zege na kuoshea vyombo vyao. Udongo wa hapo una saruji na chokaa, na mboga zinazoota juu yake huwa za njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Watu wengi huona njano wakaongeza mbolea; haisaidii, kwa sababu madini ya chuma yamo ardhini ila mzizi hauwezi kuyanyonya kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Ondoa sentimita 30 za juu, jaza udongo mwingine. Kwenye tuta lenyewe changanya ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe iliyooza kwa kila mita ya mraba. Mbolea ya kuku ni kali: robo ya kipimo hicho, na iwe imekaa chungu miezi miwili au mitatu. Ikiwa bado ina joto au inanuka amonia hadi macho yanawasha, itaunguza mizizi.

Tuta la kwanza liwe la mchicha, lakini usilisie lote siku moja. Ligawe sehemu nne, kila wiki sia sehemu moja, kwenye vifereji vya kina cha sentimita moja vilivyoachana sentimita 20. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja kwa vijiko kumi, la sivyo zitaota kama nywele. Baada ya wiki tatu hadi nne unang'oa sehemu ya kwanza na kuisia upya. Tuta la pili ni matembele: vipande vya sentimita 30, theluthi mbili chini ya udongo, nafasi sentimita 30, na yatakulisha muda mrefu kwa kuchuma ncha tu. Tuta la tatu, lililo mbali zaidi na nyumba na lenye jua refu, ni la bamia, nyanya chungu na pilipili. Nyanya za kawaida tungekuambia uziache mwaka wa kwanza. Kanitangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hamsamehi anayeanza.

Sasa ile miche. Mwembe mmoja unaingia kona ya kusini-magharibi, mita 2 kutoka kila ukuta. Hapo utakuwa zaidi ya mita 5 kutoka pembe ya nyumba. Hakikisha ni wa kupandikizwa: utaona kovu kwenye shina, sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo. Ukate usizidi mita 4. Mstafeli mmoja uupande magharibi, mita 4 mbele ya dirisha la sebule, ukukingie jua la alasiri. Wa pili upeleke kaskazini. Mwavuli panda mmoja tu karibu na geti uwe kivuli cha gari, kwa sababu matawi yake hutanuka mita kadhaa kila upande, na kama utaweka peving uuachie mraba wa mita moja wazi shinani. Ashoki nne zipange kando ya ukuta wa barabarani, mita moja na nusu kutoka ukutani, zizuie vumbi. Usizitegemee kwa kivuli, umbo lake ni la mshumaa. Mparachichi ulizia aina. Kama ni Hass, joto la Dar si lake. Mpe ndugu aliye Lushoto au Njombe.

Lolote utakalopanda, liwe walau mita 5 kutoka shimo la maji taka, na usifunike chemba kwa maua. Siku likijaa, gari la kunyonya litakuja na mpira mnene kama paja, na utapita hapo hapo kwenye waridi.

Mpapai wa shanga

SWALI: Mpapai wangu una miaka miwili, umenawiri, maua yake yananing'inia kama shanga lakini hauzai. Wazee wananiambia niupigilie msumari. – Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Huo ni mpapai dume, na msumari hautaugeuza, utaufungulia mlango wa kuoza tu. Ua la jike hukaa moja moja au machache, limebanana na shina, nene chini kama kibuyu. La dume huning'inia kwenye kikonyo kirefu chenye matawi, kama hayo unayoyaeleza. Jinsia imo ndani ya mbegu na hakuna anayeiona mpaka maua yatoke, kwa kawaida miezi minne hadi sita baada ya kuhamishia mche shambani. Anayekuuzia "mche wa kike" wenye urefu wa sentimita 20 anakubahatishia.

Kwa hiyo panda miche mitatu kwenye shimo moja la sentimita 60 kila upande, ikiachana sentimita 30 kama mafiga. Ikitoa maua, bakiza jike mmoja, mingine ikate. Mbegu ikitoka kwa jike aliyechavushwa na dume, nusu huwa madume, hivyo kwa wastani shimo moja kati ya manane litaota madume matatu matupu. Chimba mashimo mawili. Njia nzuri zaidi ni kutunza mbegu za papai refu, si la mviringo. Papai refu kwa kawaida hutoka kwenye mti wenye jinsia zote mbili katika ua moja, na ukijichavusha wenyewe mbegu zake hazitoi dume kabisa: theluthi mbili huwa kama mama yao, theluthi moja majike.

Dume lako usilikate leo kama majirani wana majike. Dume moja linatosha majike kumi na zaidi. Na hao wapya uwapande juu ya kichuguu cha sentimita 30, kwani mizizi ya mpapai ikisimama kwenye maji siku mbili huoza, na majani yanaanza kulegea wakati umeshachelewa.

Kihamba cha mjini

SWALI: Nimekulia Kibosho kwenye kihamba cha baba, shamba la Kichagga linalozunguka nyumba. Sasa nimejenga Moshi mjini, mita 20 kwa 20. Naweza kupata kihamba kidogo? – Mstaafu

JIBU: Unaweza, mzee wetu, ila ghorofa moja itabidi iondoke. Kihamba cha baba kinasimama kwa dari: mruka na mringaringa juu kabisa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga, na viazi vikuu vinapanda mti. Mpango huo ndio uliofanya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 liutambue mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini mruka ni mti unaoweza kupita mita 20. Huko mlimani una nafasi. Mjini utakuwa juu ya paa la jirani kabla wajukuu hawajamaliza shule.

Dari yako iwe mparachichi mmoja wa kupandikizwa, upande wa magharibi, unaokatwa ncha ukifika mita 5. Chini yake weka shimo la migomba, na hapa ndipo tungeomba utulie, maana ndio moyo wa bustani nzima. Chora duara la kipenyo cha mita 2 mahali maji ya bafuni yanapoweza kushuka yenyewe. Chimba kina cha sentimita 60 hadi 80 katikati, udongo uurundike pembeni kama ukingo wa bakuli. Jaza shimo majani makavu, mabua, maganda ya ndizi, hadi yapande juu ya usawa wa ardhi. Yatabonyea, na utakuwa unajaza kila wiki. Juu ya ukingo panda migomba minne. Elekeza humo maji ya kuogea na kufulia kwa bomba linalomwagia chini ya majani, yasionekane wazi, kwani yakituama utafuga mbu. Maji ya chooni kamwe. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nayo yamwage kwingine.

Kila shina la mgomba libaki na watatu: mama, binti na mjukuu. Wengine ng'oa wakiwa wadogo. Mshare kwa mtori, na kisukari mmoja kwa wajukuu. Chane ya mwisho ikishatoka, ondoa ua la dume linaloning'inia kwa kijiti chenye panda, ukilizungusha hadi likatike, usitumie panga. Mnyauko wa migomba huenezwa na wadudu wanaotembelea ua hilo na pia na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupitishwa motoni.

Kahawa mibuni mitatu inatosha, nafasi mita 2.5, upande wa mashariki wa migomba ili ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Miche chukua ile chotara ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) ya Lyamungo, inayohimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Kwenye uwanja mdogo hutaki kupiga dawa karibu na dirisha. Magimbi yakae kwenye unyevu wa ukingo wa shimo. Mnafu utavumilia kivuli chepesi, mchicha hautavumilia: upe ukanda wa mashariki kabisa, peke yake. Mpakani masale, bila shaka, na hilo hatukufundishi.

Dodoma: matuta yanakauka kabla ya jioni

SWALI: Naweka matuta ya kuinuka kama ninavyoona kwenye video lakini saa nane mchana udongo ni vumbi. Pia natafuta kitu cha kivuli mahali pa kukaa, maji tunapata siku mbili kwa wiki. – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Hizo video ni za nchi za mvua. Tuta la kuinuka lina kazi ya kuondoa maji, na wewe unatafuta kuyashika. Fanya kinyume: chimba sentimita 30, changanya udongo na samadi, urudishe hadi uso wa tuta ubaki sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa njia. Upepo unapita juu, maji yanabaki ndani. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, uziachanishe na shina kwa upana wa vidole viwili kwa ajili ya mchwa. Mvua kubwa za Januari zikija, toboa mlango wa maji upande wa chini wa tuta.

Kwa ratiba yako ya maji, mitungi itakusaidia kuliko mpira. Nunua mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, wa lita 5 hadi 10, uzike hadi shingoni, ujaze, ufunike. Maji yanajipenyeza polepole ukutani mwa mtungi, na mmea uliopandwa ndani ya sentimita 30 unayafuata. Mtungi wa lita 8 tungeutegemea siku mbili hadi nne kufuatana na joto. Ukiona haupungui kabisa kwa wiki, matundu yake yameziba kwa chumvi: uzibue kwa kuusugua kwa brashi na siki.

Kivuli? Uko Dodoma, panda mzabibu. Nguzo nne za chuma au mti mgumu, kimo mita 2.2 kutoka ardhini, mita 3 kwa 3, juu waya ulioachana sentimita 40. Mzabibu mmoja kila nguzo ya kona mbili za magharibi, yaani miwili tu. Mwaka wa kwanza usitamani zabibu: acha chipukizi moja lipande nguzo hadi juu, mengine yote yakate, kisha likatwe ncha litoe mikono. Tangu hapo unapogoa mara mbili kwa mwaka, kila tawi lililozaa ukilirudisha hadi macho mawili au matatu, na zabibu huwa tayari miezi kama minne baadaye. Anayeogopa mkasi hupata kivuli kizuri na vishada vitatu. Kipindi cha mvua majani yakiota unga mweupe, huo ni ubwiri unga. Punguza majani hewa ipite, na salfa ya kupuliza ipigwe asubuhi mapema, si jua kali.

Gunia kwenye roshani

SWALI: Nakaa ghorofa ya tatu, Nairobi, roshani ina kina cha mita moja na robo na inatazama kaskazini. Nataka gunia la sukuma wiki kama yale ya mtaani. – Dada wa Umoja

JIBU: Dada, hesabu uzito kwanza. Magunia ya mtaani huitwa ya kilo 90, lakini huo ni uzito wa mahindi. Gunia hilo likijaa udongo uliolowa hupita kilo 150. Usiliweke roshani, zaidi ya moja ndiyo kabisa. Chukua la kilo 25, au ndoo za lita 20, uzipange karibu na ukuta unaobeba roshani.

Jua nalo lina masharti. Nairobi iko karibu sana na ikweta: roshani ya kaskazini hupata jua la mchana kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, halafu jua linahamia upande wa pili wa jengo. Hata Machi na Septemba linasimama utosini, na slabu ya jirani wa juu inalizuia. Sukuma itaishi lakini itarefuka shingo. Kwako dania, spinachi na vitunguu vya majani vina matumaini zaidi, na kuanzia Mei hadi Agosti jaribu sukuma kwenye ukingo wa nje kabisa.

Gunia lenyewe: udongo debe tatu, samadi iliyooza debe moja, mchanga debe moja, kwa uwiano huo hata kama kipimo chako ni kopo. Weka tabaka la mchanganyiko chini, simamisha katikati mkebe wa kilo mbili uliotolewa kitako na kifuniko, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu na urudie hadi mdomoni. Ukimaliza mkebe unatoka, nguzo ya kokoto inabaki. Watu huiruka kazi hii, na matokeo huonekana wiki ya tatu: miche ya juu inachekea, ya chini imekauka, maana maji yote yanaishia sentimita 20 za juu. Toboa pembeni matundu yanayoachana sentimita 15 kwa mpangilio wa kupishana, penyeza mizizi ielekee chini kidogo, bana udongo kwa kidole. Maji mwaga juu ya kokoto, asubuhi na jioni, hadi uone unyevu kwenye matundu ya chini.

Kwenye ndoo, hata hivyo, usiweke kokoto chini. Ni desturi, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kokoto. Yanakwama juu yake, na mizizi inakaa kwenye bwawa lililosogezwa juu. Toboa matundu matano ya sentimita moja kitakoni, tandika kipande cha chandarua, jaza udongo mtupu.

Kwa kifupi

Mama wa Kibaha anayeuliza kwa nini ukoka haushiki chini ya mwembe: kwa sababu unataka jua, na mwembe unakunywa maji yake. Acha duara la mita 2 la majani makavu, panda ukoka kuanzia pale kivuli cha saa sita kinapoishia.

Baba wa mapacha, Tabora, anayeuliza mimea ipi ya uani ni hatari kwa watoto: ng'oa oleanda yote, ukivaa glavu, na usichome matawi yake kwani hata moshi una sumu. Mnyaa wa uzio uhamishe mbali na mahali pa kuchezea; utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kupunguza, kisha hospitali. Mbegu za mbarika na mbono kaburi watoto huzipenda kwa umbo, na zinaweza kuua. Mtoto akitafuna chochote, nenda naye na tawi la mmea huo, daktari alitambue.

Bibi wa Mji Mkongwe unayeuliza kuhusu mlangilangi na mkadi, ua wako ni mdogo na kuta ni ndefu, kwa hiyo mlangilangi hautaufaa. Ukiachwa ni mti wa mita 10 na zaidi. Mkadi nao una majani ya msumeno yatakayokuchana kila unapopita. Baki na asumini na mrehani. Asumini iwekwe kona inayopata jua saa tano au zaidi, kwenye chombo cha lita 30 na kuendelea, kwa sababu ikikosa jua huota majani matupu na kukusahaulisha kwamba ni ua. Kila wimbi la maua likiisha, kata theluthi moja ya matawi. Maua hutoka kwenye chipukizi jipya. Vitumba vya kutungia kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia cha kujipamba, vichumwe alasiri vikiwa vyeupe vimefumba, uvifunike kwa kitambaa kibichi. Vitafumbuka vyenyewe baada ya magharibi.